Uso wa Mzee Nyaga

Naikumbuka siku moja kama jana, mwanangu, ingawa ingekuwa hiari yangu ningekuwa nimeisahau zamani. Ilikuwa Jumatatu, baada ya ibada ya asubuhi, na sisi wanafunzi kumi na mmoja wa darasa la sanaa tulijazana mbele ya ubao wa matangazo tukisukumana. Karatasi mpya ilikuwa imebandikwa. Mimi nilikuwa msichana, mfupi kuliko wote, nikapita chini ya makwapa ya wavulana mpaka nikafika mbele. Nitakueleza karatasi ile ilisema nini, lakini ngoja kwanza, maana nyinyi vijana wa vyuo vya sanaa vya siku hizi mnadhani kuchora kulianza na nyinyi.

Shule yetu ilikuwa ya misheni, juu vilimani upande wa Meru. Mimi nilitoka nchi kame ya Mbeere, karibu na soko la Ishiara, na baridi ya kule ilinitesa mpaka vidole vikapasuka. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya wakoloni ikipigana na wapiganaji wa msituni. Huwezi kutoka kijiji kimoja kwenda kingine bila pasi. Akina mama wa pale walishinda wakichimbishwa handaki kando ya msitu ili wapiganaji wasivuke, na mtu akichelewa kurudi nyumbani hujui kama umngoje au umlilie. Katikati ya hayo yote sisi tulifundishwa kuchora, na kazi zilikuwepo, tena nyingi. Misheni ilitaka picha za vitabu vya kusomea. Waganga wa hospitali walitaka mabango ya kuwaambia watu wachimbe vyoo. Choo nilichochora mimi kilibandikwa kuanzia Maua hadi Runyenjes, na hata leo sina hakika kama nimewahi kuchora kitu kingine kilichosaidia watu wengi hivyo.

Mwalimu wetu aliitwa Kirimi, Mmeru mrefu mwenye sauti ya chini. Alitufundisha kuchora kwenye stensili, ile karatasi ya nta unayoikwaruza kwa kalamu ya chuma, kisha inafungwa kwenye mashine, mashine inazungushwa kwa mkono, picha zinatoka mamia. Stensili haitaki mambo mengi. Ukizidisha mistari inachanika. Kwa hiyo alitufunza kuchagua. Ukichora mtu, alisema, tafuta kitu kimoja kinachomfanya awe yeye na si mwingine, ukuze hicho, mengine yaache. Hiyo ndiyo katuni. Mimi nililishika somo hilo upesi kuliko wote, na nililijua hilo, na hapo ndipo taabu yangu ilipoanzia.

Kwa sababu sikuwa mtu wa kutulia, mwanangu. Nilitaka kuonekana. Picha yangu ikichaguliwa nilitembea kwa wiki nzima kama jogoo, na ikichaguliwa ya mwingine nilikosa hamu ya chakula. Kila asubuhi nilikwenda kutazama ubao kabla sijanawa uso. Nilihisi kwamba mahali fulani kuna nafasi inayonipita, na kwamba nisipokimbia itachukuliwa.

Sasa karatasi ile. Ilisema kwamba ofisi moja ya serikali inatafuta mchoraji wa katuni. Achore mtu wa msituni, mwizi wa mbuzi, mlafi na mjinga, ili watu wamcheke badala ya kumwogopa. Picha itapelekwa katika masoko yote ya Meru na Embu, na mchoraji atakayependeza ataendelea na kazi hiyo kila mwezi. Mwalimu Kirimi alisimama mbele yetu akatuambia mambo mawili. Asiyetaka kuchora asichore, hataulizwa. Na atakayechora asimpe mtu yeyote picha kabla yeye mwenyewe hajaiona. Alisema akitazama sakafu. Wenzangu wawili waliondoka kimyakimya, na leo najua kwa nini, maana siku zile kila nyumba ilikuwa na mtu wake msituni au kizuizini. Wakati ule niliona tu kwamba wapinzani wamepungua.

Nikakaa kuchora. Mwili ulikuja haraka: tumbo, koti lililochanika, mbuzi chini ya kwapa. Uso ukakataa. Nilichora nyuso sita, na zote zikafanana na mwalimu wetu wa hesabu. Alhamisi mchana nikasikia gari la karani wa ile ofisi likipanda mlima, siku moja kabla ya siku tuliyoambiwa, na mwalimu Kirimi alikuwa upande wa pili wa shule akisimamia mtihani. Mkono wangu ukaenda wenyewe. Nikachora sikio lenye ndewe kubwa, ndewe iliyokatika ikaning'inia vipande viwili. Nikachora pengo la meno ya mbele, na shingo iliyolala upande mmoja. Mtu akatoka pale kwenye karatasi akiwa hai kabisa.

Alikuwa Mzee Nyaga, jirani yetu, mfuga nyuki. Shingo ile ilipindwa na miaka ya kubeba mizinga. Ndewe ilikatwa na tawi la mgunga alipokuwa akishuka mtini. Hakuwa na ugomvi na mtu. Ndiye aliyekuwa akiniletea vipande vya makaa nilipokuwa mdogo, nichoree ukutani, mama akinichapa na yeye akicheka. Sikuuchukua uso wake kwa ubaya, nilichukua uso nilioujua kwa moyo. Sikumwaza yeye hata kidogo. Niliwaza karani anaondoka.

Haraka haraka haina baraka: maneno hayo niliyaandika mimi mwenyewe, kwa herufi za rangi mbili, kwenye ukuta wa darasa letu. Nikapita chini yake nikikimbia, nikampa karani picha mkononi. Akacheka palepale. Wenzangu wakacheka, maana hakuna aliyemjua Mzee Nyaga kule vilimani. Baada ya siku chache ikaja barua kwamba mimi ndiye niliyechaguliwa. Mwalimu Kirimi aliniuliza kama niliisahau amri yake, nikamjibu kwamba karani alikuwa na haraka. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nilianza hata kuwasahihisha wenzangu michoro yao bila kuombwa.

Habari ililetwa na Bwana Salim, Mwislamu wa Meru mjini aliyekuwa na lori la kubebea nafaka. Alinikabidhi barua ya mama, iliyoandikwa na mwalimu wa kanisa. Picha ilibandikwa soko la Ishiara. Siku ya kwanza watu walicheka, na watoto wakamfuata Mzee Nyaga wakimwita mwizi wa mbuzi, naye akacheka pamoja nao, akasimama kando ya picha ili wamlinganishe. Siku ya soko iliyofuata kamatimu, wale walinzi wa serikali, walimkamata mbele ya watu. Walisema serikali haiwezi kuchora mtu bure. Mama alimaliza kwa kuuliza kama namjua aliyeichora, kwa sababu kidole gumba cha yule mwizi kilichorwa kwa mtindo ule ule aliouona ukutani kwake nilipokuwa mdogo.

Sikuweza kukaa, mwanangu. Niliketi nikasimama, nikatoka nje, nikarudi. Nilianza kuchora nikamwaga wino. Siku mbili nzima nilizunguka uwanja wa shule kama kuku anayetafuta pa kutagia, na nilipoona aibu imekuwa nzito kuliko woga nikaenda kwa mwalimu Kirimi, nikampa barua. Aliisoma mara mbili. Nilitaka anigombeze kwa sauti, ingenisaidia. Yeye akavuta kiti akakaa mbele yangu.

"Nilitaka niione picha kwa sababu mimi ningekuuliza swali moja," alisema. "Huyu ni nani? Hilo tu. Sasa utakwenda kuulizwa na wengine."

Nikamwambia sikukusudia. Akasema anajua, na kwamba Mzee Nyaga hawezi kulala juu ya kutokukusudia kwangu. Kisha akaenda kuniombea pasi. Hakusema atanisindikiza. Alisema mkono uliochora ndio uende ukajibu.

Bwana Salim alinibeba mpaka Ishiara, pasi yangu ikikaguliwa kila kizuizi, na kila mara nikihesabu dakika. Kwenye kituo cha walinzi nilimkuta mkubwa wa kamatimu, mtu mwenye kidevu kilichogawanyika katikati na kofia ya cheo aliyoivaa mbele kupita kiasi, pamoja na afisa Mzungu kijana aliyechomwa na jua. Nikasema nimeichora mimi ile picha, na kwamba mzee waliyemkamata hajawahi kuiba hata yai, uso wake niliuazima tu.

Mkubwa wa kamatimu hakuniamini. "Hiyo ni picha ya serikali," alisema. "Serikali haina haja na kasichana ka Mbeere. Na huyo mzee anafanana nayo, tena sana. Picha haiwezi danganya."

Basi nikaomba karatasi. Nikachora tumbo lile, koti lile, mbuzi yule yule chini ya kwapa. Walipokwisha kuona kwamba ni mimi kweli, nikafika usoni, nikachora kidevu kilichogawanyika na kofia iliyovaliwa mbele kupita kiasi. Nikaiweka mezani.

Afisa aliitazama, akamtazama mkubwa wa kamatimu, akacheka mpaka akakohoa. "Sasa mimi nakamata hii?" aliuliza kwa Kiswahili chake. Mkubwa wa kamatimu hakucheka. Aliikunja karatasi akaitia mfukoni, na mwezi mzima uliofuata mama yangu alipelekwa kazi ya barabara kila siku, wakati wenzake walikwenda kwa zamu. Hilo pia liliandikwa na kalamu yangu. Usidhani ujasiri ni bure.

Afisa aliamuru picha zibanduliwe pale Ishiara. Lakini Mzee Nyaga hakuwepo tena. Alikuwa amekwisha kupakiwa na wengine kupelekwa kambi ya mbali, jina lake limeandikwa, na jina likishaandikwa siku zile halikufutwa kwa kucheka kwa afisa mmoja. Maji yakimwagika hayazoleki. Niliandika barua, mwalimu Kirimi akaandika, padri akaandika. Mvua mbili zikapita.

Alirudi akiwa amekonda, anakohoa, na nyuki wake walikuwa wamehama mizinga yote isipokuwa mmoja. Mimi nilikuwa nyumbani wakati wa likizo. Tangu siku ile ya kituoni sikuwa nimechora uso wa mtu, nilichora vikombe na miti tu. Nilikwenda kwake na mama, nikapiga magoti, nikasema yote niliyokuwa nimeyaandaa kwa miezi. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa na maneno.

"Rwamba," alisema mwishowe, "mimi nachukua asali ya nyuki maisha yangu yote. Lakini kwanza nawapelekea moshi, wajue nimekuja. Wewe hukunipigia hodi."

Mama alikuwa analia. Ndipo mzee akaingia ndani akatoka na kipande cha makaa, akamtuma mama kwa jirani kuomba karatasi, akakaa kwenye kigoda akaniambia nimchore sasa, akiniona. Nilikaa mchana mzima. Niliifuta ile shingo mara nne. Sikukuza kitu wala kupunguza, na nilipomaliza nilimpa huku nikitazama chini. Aliitazama kwa muda mrefu, akapapasa ndewe yake, akaniuliza, "Hii itabandikwa wapi?"

Nikasema haitabandikwa popote, ni yake.

"Basi hapo ndipo ungeanzia," akasema, akaikunja vizuri akaenda nayo ndani.

Hakuniambia kwamba amenisamehe, nami sikuthubutu kumuuliza. Aliniruhusu kuja tena, na nilikuja kila likizo mpaka alipofariki. Hilo ndilo nililopata, na ninalishukuru, na bado linaniuma.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu, wewe unayeshinda ukitazama matangazo ya kazi za kuchora, moyo ukikudunda kwamba utapitwa. Sikukatazi kukimbilia kazi. Mkono mtupu haulambwi, na kipaji kisichofanya kazi huoza. Chora vitabu vya watoto, chora mabango, chora katuni za magazeti, wacheke wakubwa wanaostahili kuchekwa. Lakini kabla hujaitoa picha mkononi jiulize huyu ni nani, na anajua kwamba umemchukua? Itabandikwa wapi, na atakayeisoma kule ana bunduki au ana kicheko tu? Na kama yupo mkubwa wako aliyekuambia umwonyeshe kwanza, mwonyeshe, hata gari likiondoka. Gari lingine litapanda. Mzee wa watu hawezi kurudishiwa miezi yake. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, nami nakuambia kalamu ni ulimi unaosafiri bila wewe, unafika mahali ambapo huwezi kwenda kujieleza. Na ukikosea, maana utakosea, usitume barua peke yake. Nenda mwenyewe ukasimame pale.

Mungu akupe macho ya kuona watu na subira ya kuwaomba. Akupe kazi nyingi, na mwalimu wa kukuuliza swali lile moja. Mkono wako uishi kuliko wangu, na kila utakayemchora akikuona unakuja njiani akuwekee kigoda.