Herufi ya Nne
Watu wa jengo lile walimwita Fundi Kamba, kwa sababu kazi yake ilikuwa kutunza kamba za chuma zinazovuta lifti. Alikaa na mkewe juu kabisa, kwenye chumba cha paa kilichopakana na mitambo. Lifti yenyewe iliishia ghorofa ya ishirini; baada ya hapo ni ngazi ya chuma, nyembamba, ya kupanda mmoja mmoja. Tangu kiharusi kilipomwangusha mkewe na kuufisha upande wake wa kushoto, hakushuka tena. Kumshusha kulihitaji wanaume wanne, na kumpandisha sita.

Lakini alikuwa na dirisha. Kitanda kilisogezwa hadi kwenye kioo, mto ukawekwa juu ya mto, naye akalijua jiji kuliko waliolikanyaga. Fundi akirudi jioni, mikono imejaa grisi, alikuta habari zimeiva.

"Yule wa pazia la kijani leo hajaanika. Ama anaumwa, ama wameachana."

"Au nguo zimeisha."

"Hebu nyamaza! Mwanamke gani anaishiwa nguo chafu?"

Kisha kampuni moja ya mavazi ya akina mama ikakodi uso wa jengo kule juu, ili iweke jina lake. Winchi ikaanza kupandisha herufi za bati zilizozungushiwa taa, kila moja ndefu kuliko mlango wa gereji. Mke wa Fundi alifurahi. Kwa siku mbili alikuwa na mafundi wa kuwatazama, wakining'inia kwenye mikanda. Mmoja hata alimpungia mkono. Siku ya tatu ikaja herufi ya nne, na chumba kikaingia giza saa nne asubuhi.

Fundi alipanda mbio. "Jamani, mna wazimu? Humu kuna mtu!"

Msimamizi wao akakunjua karatasi. "Mzee wangu, kwenye ramani hapa hakuna dirisha. Ni ukuta."

"Basi ugonge huo ukuta, usikie kama haulii kioo."

"Mimi nafunga nilipoambiwa. Ongea na wenye jengo."

Meneja wa jengo alikuwa mtu mpole, na hapo ndipo penye shida. Alimpa kiti. "Fundi, tusikilizane. Kile si chumba, ni stoo. Nyinyi kukaa pale ni mimi nimefumba macho. Nikipeleka malalamiko yako kwa wakubwa, wataniuliza, kumbe kuna watu wanaishi huko? Unataka niulizwe hivyo?"

Fundi akasema hapana. Akashukuru, na alipotoka akajichukia kwa kushukuru.

Taa ziliwashwa wiki ileile. Chini watu walisimama barabarani wakipiga picha. Nyuma ya bati kulikuwa na mvumo usiokoma, kama nzi ndani ya chupa, na joto lililopenya kioo. Fundi akajitwika kazi ya kuleta habari. Kila adhuhuri alitembea mitaa miwili, akainua shingo kulitazama pazia la kijani.

"Leo ameanika mashuka manne," alisema siku moja.

Mkewe alimkazia macho. "Mvua imelipiga paa hili tangu alfajiri. Mashuka gani hayo?"

Fundi akatazama viatu vyake vikavu. Siku hiyo alikuwa amechoka, hakwenda.

"Usinionee huruma ya uongo, bwana wee. Ukweli unaniuma vya kutosha."

Jumapili Fundi alipiga moyo konde. Alifungua dirisha, akachukua drili, akatoboa bati usawa wa mto, tundu la upana wa kisahani. Mkewe akasogeza uso.

"Naliona bomba la kiwanda cha mikate," alinong'ona. "Linatoa moshi." Akacheka kwa nusu ya mdomo iliyobaki hai.

Tundu lilidumu siku tisa. Mkaguzi wa kampuni ya mavazi aliona doa jeusi kwenye picha iliyopigwa kutoka chini. Walikuja vijana wawili na kiraka cha bati, wakakipigilia kwa misumari ya ribiti, na Fundi akapewa barua ya onyo. Akirudia, kazi hana na chumba hana.

Jioni hiyo mkewe aliomba ageuzwe. "Niangalie upande ule. Ule angalau ni ukuta wa kweli."

Toka hapo maneno yalipungua. Fundi alimsimulia hili na lile, naye akajibu kwa kope. Msimu wa baridi ulipoingia, kifua kilimbana mkewe. Daktari alipanda ile ngazi, akasikiliza, akafunga mkoba wake bila kumtazama Fundi usoni. Alifariki Alhamisi kabla ya mchana, mumewe akiwa ndani ya shimo la lifti, mkono umezama kwenye grisi.

Baada ya mazishi kaka wa marehemu alimshika bega. "Shemeji, njoo ukae kwetu. Kule utabaki na nani?"

"Nitakuja," alisema Fundi. Hakwenda. Kwa shemeji palikuwa na vyumba viwili na watu saba.

Meneja alimpa siku tatu za mapumziko. Alitumia moja. Siku ya pili alikuwa ameshika kitambaa, akiipangusa kamba shubiri kwa shubiri, akitafuta nyuzi zilizokatika. Wasichana wawili wa duka la ghorofa ya chini walichungulia, wakamuuliza kama lifti itachelewa sana.

"Haichelewi," aliwajibu. "Subirini kidogo tu."