Siku Niliyomsindikiza Kaka Dismas Uwanja wa Ndege

Hapa Buffalo, Marekani, hakuna mtu anayejua kusindikiza wageni kunizidi mimi. Uliza yeyote. Mgeni akija kwangu simwachi mlangoni kama watu wa huku wanavyofanya. Namfikisha kwenye gari, namfungulia mlango, naegemea dirisha nampigia stori mpaka injini inapata moto. Hata theluji ikifika magotini nasindikiza. Mke wangu Séphora, ambaye ni Mkongo wa Uvira, huchungulia dirishani akapiga kelele: "Léo! Ule muntu atafika kwake siku gani?"

Sasa ngoja niwaambie kuhusu kaka yangu Dismas wa Louisville, maana huyo nilimsindikiza hadi nikaingia mahali nisipotakiwa.

Dismas ndiye mkubwa wetu. Baba alifariki tukiwa wakimbizi kutoka Burundi, kambini Mtabila, kule Kigoma, Dismas ana miaka kumi na tisa. Mimi nilikuwa nimeshatoroka shule darasa la tano, kwa sababu mwalimu alinionea wivu kwa akili nilizonazo. Dismas akatushika mimi na dada yetu Angelika. Alipanga foleni ya mahindi, akatulisha, mimi akanichapa inavyostahili. Akamuoa Dorcas, akamweka nyuma ya pazia kwenye kile kibanda chetu cha chumba kimoja, na sisi wawili tukalala upande wa pili wa pazia tunakohoa usiku kucha. Majina ya kuja Marekani yalipotoka, ya kwetu yakatangulia. Tukapanda basi. Dismas akabaki chini kwenye vumbi anapunga mkono. Basi lilikata kona mkono bado uko juu. Huyo ndiye Dismas. Kazi yake kubaki mlangoni.

Naye alipokuja, wakampeleka Louisville. Anasukuma maboksi kwenye ghala la mizigo. Nyumbani ana kochi moja la kahawia, na hilo kochi limelaza Warundi wengi kuliko hema la kambini. Familia mpya ikishuka kwenye ndege inaambiwa nendeni kwa Dismas. Wanakaa mwezi, wanakaa minne. Hajui kusema hapana. Huwa namtania: "Kaka, neno 'hapana' ulilisahau Mtabila chini ya kitanda." Yeye anacheka. Dorcas hachekagi.

Haya ya Dorcas nilikuja kuyajua baadaye, aliponisomea risala yake. Miaka ishirini na miwili ya ndoa, mama wa watu hajawahi kulala kwenye nyumba yenye yeye na mume wake tu. Hata usiku mmoja. Anafanya kazi ya kuhudumia wazee, na huko mwenzake mmoja akamwambia kuna kisiwa cha bahari ya joto, kule Jamhuri ya Dominika, na kuna hoteli ambayo ukishalipa umelipa. Chakula, soda, taulo, yote ndani. Hushiki sufuria. Wanakufunga kikuku cha plastiki mkononi, basi, wewe ni wa kula na kulala. Hoteli kwa wiki nzima ilizidi kimo chao. Kwa hiyo Dorcas akaigawa likizo: Jumamosi mpaka Jumatano nyumba ndogo ya kukodi, ya bei nafuu, halafu Jumatano mpaka Jumamosi hotelini. Watu wawili. Hizo siku tatu ndizo alizokuwa anazitaka.

Kaka akaharibu kwa simu. Aliongea na Angelika, anayekaa Hilliard, kule Columbus, na akataja ile nyumba ya kukodi.

"Ina vyumba vingapi?" Angelika akauliza.

"Viwili."

"Nyie mnalala kimoja. Hicho cha pili kinalala nani?"

Sasa wewe jibu hilo swali. Jioni Angelika akanipigia mimi, na mimi si mtu wa kuacha ndugu zangu waone bahari peke yao. Tukawa watu kumi: wao wawili, Angelika na mabinti zake wawili, mimi na Séphora na wanetu watatu. Habari za hotelini Dismas akazimeza. Alijua akizitema tutauliza vitanda viko vingapi.

Basi tukafika. Mimi nilibeba unga kilo kumi na dagaa wawili watatu, yaani begi zima. Angelika na mabinti wakachukua chumba kimoja. Cha pili Dismas akatupa sisi, eti watoto wasilale na mbu. Yeye akafunga kamba sebuleni, akatundika shuka.

Dorcas aliliangalia lile shuka muda mrefu. Mimi nikamwambia, "Shemeji, umeona? Kama Mtabila!" Nilidhani nimechekesha.

Siku nne hizo Dorcas bahari aliiona kupitia dirisha la jikoni. Asubuhi chai na maandazi ya watu kumi, mchana ugali na dagaa, jioni maharage. Akivua kandambili aende majini, mtoto anakuja: shangazi, njaa. Siku moja alifika mpaka mchangani, maji yakamlamba vidole, Angelika akamuita kutoka kibarazani: "Wifi! Chumvi umeweka wapi?" Akarudi.

"Nimetoka Louisville kuja kusonga ugali," alisema, akiongea na mwiko.

"Na unausonga vizuri, bon, tumushukuru Mungu," Séphora akamjibu.

Jumanne jioni tuko mezani, nikauliza, "Kaka, kesho ndege yenu saa ngapi?"

Tonge lilikuwa mdomoni. Akalizungusha. "Saa nane mchana."

Dorcas akaweka kijiko chini.

"Yetu sisi wengine ni saa kumi na mbili jioni," nikasema. "Vizuri sana! Nyumba tunairudisha saa tano, twendeni wote, tuwasindikize."

"Hakuna haja, Leopoldi. Mtakaa pale mchana kutwa bure."

"Haja ipo! Wewe umetusindikiza maisha yetu yote. Kesho zamu yangu."

Nikampiga mgongoni. Alikuwa mgumu kama mlango.

Asubuhi nikatafuta gari kubwa moja, tukabanana wote na mabegi mapajani. Dorcas nilimweka katikati, asiumizwe na jua. Nusu ya njia tukapita geti kubwa jeupe lenye maua mekundu na mlinzi mwenye kofia. Dorcas aligeuza shingo kulifuata geti mpaka nikadhani kaona ajali.

"Shemeji, usitamani hizo hoteli," nikamwambia. "Wanakufunga kikuku kama ng'ombe wa maonyesho!"

Gari zima likacheka, isipokuwa wawili. Dismas alikuwa amelishika begi lake kwa mikono yote miwili, jasho linamtoka, na kiyoyozi kilikuwa kinafanya kazi vizuri tu.

Uwanjani nikawabebea mabegi mpaka ndani. Dismas anasema, "Asante, ishia hapa." Nasema, "Siishii hapa mpaka niwaone mmepewa tiketi." Nikawaingiza kwenye foleni, nikasimama nyuma yao kama polisi. Angelika, Séphora na watoto wamejipanga pembeni ya kamba, wanapunga mikono kabla ya wakati. Kaka hakuwa na pa kutokea. Mbele kaunta, nyuma mimi, pembeni ukoo. Foleni ikisogea, yeye hasogei, namsukuma kwa begi.

Binti wa kaunta akachukua pasi zao, akabonyeza, akasema kwa Kiingereza, "Nyinyi mnasafiri Jumamosi."

Dorcas anaangalia sakafu.

Nikaingia kati. Jamani, Kiingereza changu ni cha kiwanda cha madirisha ninakofanya kazi, lakini kinafika! Nikamwambia huyu ni kaka yangu, mtu mzima, hawezi kukosea siku, Jumamosi ni nyinyi mmeiandika, niitie mkubwa wako. Mkubwa akaja. Nikamlainisha. Nikamtania tai yake. Nikamwonyesha watoto wanaopunga mikono. Sijivuni, ila yule bwana alikuwa anacheka ndani ya dakika tano. Akabonyeza bonyeza, akasema kuna nafasi mbili kwenye ndege ya saa nane, na atawabadilishia bila hata senti. Kaka akubali tu.

Nikageuka na mikono juu. "Mmeona? Nani kama Leopoldi?"

Hapo ndipo nikamwona shemeji. Machozi yanashuka bila sauti, na hayafuti. Na hamuangalii mkubwa wala mimi. Anamuangalia mume wake tu, kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu.

"Ndiyo au hapana, bwana?" mkubwa akauliza.

Dismas akaniangalia mimi, akawaangalia wale wa kwenye kamba, akamwangalia Dorcas.

"Hapana," akasema.

"Kaka, hujamsikia vizuri, ni bure—"

"Leopoldi, hapana." Safari hii kwa Kiswahili, na kwa sauti iliyowafikia wa pembeni. "Tunarudi Jumamosi. Tuna hoteli. Mimi na mke wangu. Nimewadanganya, mnisamehe, lakini siendi."

Angelika alishafika, kapita chini ya kamba. "Hoteli? Hiyo hoteli ina vitanda vingapi?"

"Kimoja," Dorcas akasema.

Nami, kwa mazoea, nikabeba begi lao nianze kwenda nalo kwenye teksi. Mikono yangu ndivyo ilivyofundishwa. Dismas akanishika kiganja, akaufungua mkono wangu kidole kimoja kimoja, akalichukua begi.

"Ishia hapo," akasema. Wala hakuwa na hasira.

Nikaishia hapo, kwenye mlango wa kioo. Wakavuka barabara na mabegi yao, wakaingia kwenye teksi, teksi ikaondoka. Nilikuwa nimeinua mkono tayari, nikingoja wageuke nipunge. Hawakugeuka. Miaka yote hiyo nimemjua Dismas kwa uso, amesimama anatuangalia tukiondoka. Siku ile ndipo nilipojua kuwa kaka yangu ana upara nyuma, duara kama kisosi, unang'aa kwenye kioo cha ile teksi mpaka ilipokata kona.

Séphora akaja akasimama karibu yangu. "Donc? Unashusha mukono ao tukuache na yo hapa?"

Nikaushusha. Kulikuwa na saa sita za kusubiri ndege, na njaa ilikuwa imewashika watoto, na hakuna aliyejua Dorcas aliyaweka wapi maandazi.