Njia Katikati ya Nyumba

Nyumba yetu ya Wabera, mjini Isiolo, ilikuwa na njia katikati. Sisemi ukumbi wala varanda. Nasema njia ya watu na mifugo, iliyoingia upande wa mashariki, ikapita kati ya chumba cha kulala na jiko, ikateremka mpaka mtoni. Ukialikwa chakula kwetu ilibidi uwe radhi kuinua sahani kumpisha mbuzi wa mtu usiyemjua. Wenzangu shuleni walinicheka, nami sikuzaliwa na subira, nikawajibu kwa maneno ambayo sitayaandika hapa.

Njia ndiyo iliyotangulia. Kabla mji haujafika upande wetu, wafugaji walikuwa wakipitisha ng'ombe pale kwenda malka, yaani pale mtoni ambapo ukingo umelala na mnyama anakunywa bila kuteleza. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya sabini, wakaja wapimaji wa ardhi na kamba zao, vigingi, na mwavuli mmoja mkubwa. Walinyoosha mistari, wakapanda bikoni, zile nguzo fupi za saruji zinazoonyesha mpaka wa ploti. Mji ulizipatia kazi mara moja. Wanawake walipumzishia madebe ya maji juu yake, watoto wakazifanya goli, na jirani mmoja akafungia punda wake. Ramani yenyewe ilitundikwa ofisini. Baba alifanya kazi karantini, mahali ng'ombe wanapochunguzwa kabla ya kupelekwa kuuzwa Nairobi, na siku moja alipitia kuitazama. Alirudi akiisifu. Alisema ni kazi ya mtu mwenye mkono mtulivu, ila njia ya mifugo haimo. Pale ilipopita paliandikwa nambari ya ploti, na ploti ilikuwa yetu.

Majirani walizungushia ploti zao ua, mmoja baada ya mwingine. Kila ua ulipojengwa mifugo walisogea kidogo, mpaka pakabaki kwetu tu. Barabara ya ramani ilikuwepo, sikatai, tena pana na iliyonyooka. Lakini ilipita sokoni katikati ya malori, halafu ikaenda kugota kwenye ua wa shule. Aliyeichora hakuwahi kuchunga.

Baba alikuwa Mborana wa ng'ombe. Kwetu unaweza kumnyima mtu binti, unaweza kumnyima hata salamu, lakini humfungii mnyama njia ya maji. Hata awe wa adui yako: kwanza anywe, ugomvi baadaye. Kwa hivyo baba alijenga chumba upande huu na jiko upande ule, njia akaiacha ipite. Hakuona kwamba amefanya jambo lolote la ajabu, na hakumuuliza mama.

Aliyeumia ni mama. Yeye alikulia Biliqo, katika kuhamahama, na kwetu nyumba ni ya mwanamke: anaijenga yeye, anaibomoa yeye, anaipakia yeye. Alikuwa amepandisha nyumba mgongoni mwa ngamia tangu utotoni, akachoka kwa uchovu ambao mimi, niliyezaliwa mjini, nauelewa kwa kusimuliwa tu. Alichotaka duniani, ukiacha kwenda Makka, ni nyumba moja chini ya paa moja, isiyoondoka. Alichopata ni nusu mbili. Kutwa alivuka njia na sinia ya chai. Fahali wakitokea alisimama kando akisema, "Mwenye nguvu mpishe," akingoja wamalize kupita, na chai ikafika kwa wageni ikiwa imepoa, na mara nyingine ikiwa na vumbi. Nilimwonea uchungu. Nilimkasirikia baba, nikawakasirikia hata fahali.

Miaka ya themanini ilipoanza, ofisi ilitoa amri mpya: ploti moja, nyumba moja iliyokamilika, na sehemu isiyojengwa atapewa mwingine. Alikuja afisa mgeni, mtu mpole mwenye viatu safi. Alipokuwa akituelezea sheria, mbuzi wakaanza kupita kati yake na baba, na ikabidi anyamaze mpaka mkia wa mwisho. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

"Mzee," akasema, "hii si nyumba moja. Hii ni mbili, na katikati ni uwanja. Hiyo upande ya jikoni itabidi nipatie mtu mwenye atajenga."

"Na nikiunganisha juu?" baba akauliza.

Afisa akatazama juu, kana kwamba paa lilikuwa tayari. "Ukiunganisha juu itakuwa moja. Nitarudi mwisho wa mwaka kuangalia."

Baba akaenda karantini akamtafuta fahali mrefu kuliko wote, mwenye pembe za kuogopesha. Akasimamisha fimbo kando yake, akatia alama usawa wa ncha ya pembe, akaongeza dhiraa moja ya heshima, akaikata hapo. Kwa kipimo hicho akasimamisha nguzo na kupigilia mabati kutoka chumbani hadi jikoni. Ng'ombe wangepita chini, paa lingekaa juu, ofisi ingeridhika. Alijivuna siku nzima.

Mimi nilikuwa namwangalia mama. Alisimama chini ya yale mabati, akainua mkono juu ya kichwa, akaushusha, akaingia jikoni kupika chai. Baba alikuwa amepima mji mzima kwa ng'ombe. Mama alikulia kwenye ngamia. Ngamia hawakuwa wakipita kwetu siku hizo, walikuwa na visima vyao nje ya mji, na yeye hakusema neno.

Miezi iliyofuata ndiyo iliyokuwa mizuri kwake kuliko yote niliyoshuhudia. Alitandika mkeka kivulini, akapepeta mchele huku kondoo wakipita karibu na magoti yake, akawaamkia wapita njia kama mwenye duka. "Karibu kwangu," alikuwa akiwaambia. Hakuwa akisema "kwetu." Alinunua kufuli kubwa kuliko mlango.

Kisha mvua ikakosa, na ikakosa tena. Kutoka upande wa Merti watu wakaanza kuja Isiolo na kile kilichosalia. Ng'ombe walikuwa wamekwisha, ngamia ndio waliobaki.

Asubuhi moja, nikiwa nyumbani kwa likizo maana nilikuwa nimeanza kufundisha shule ya msingi, tulisikia kelele njiani. Ngamia alikuwa amesimama mbele ya paa letu. Mgongoni alibeba nyumba nzima, ile miti iliyopindwa ya nyumba za Waborana ikiwa imechomoza juu kabisa, na katikati ya miti alikaa ajuza aliyefungwa kwa kanga asianguke. Mwanamke aliyeshika kamba alikuwa binti yake. Nyuma yao njia ilijaa punda, watoto na ngamia wengine, kwa hivyo kurudi hakukuwezekana.

"Mpigishe magoti," nikamwambia. "Tushushe mzigo, apite, tumpakie tena."

Mwanamke akanitazama kama mtoto mjinga. "Huyu akipiga magoti hataamka. Wenzake wawili walipiga magoti huko nyuma. Mpaka sasa wako huko huko."

Nikageuka kwa mama. Baba alikuwa kazini, na mwisho wa mwaka ulikuwa umefika. "Mama," nikamwambia kwa sauti ndogo, "yule afisa anakuja wiki hii."

"Najua," akasema. Hakuniangalia. Alikuwa anamwangalia yule ajuza juu ya ngamia, na ajuza akimwangalia yeye, na wote wawili walijua kubebwa kulivyo. "Leta shoka."

Alipindua kinu, akapanda juu yake, akaanza kung'oa bati la kwanza kwa shoka, yeye mwenyewe. Misumari ililia. Vijana waliokuwa nyuma ya ngamia wakaja kumsaidia, na muda si muda jua likaingia tena katikati ya nyumba yetu. Ngamia akapita polepole, miti ikikwaruza ukuta. Ajuza alipofika usawa wa mama alisema, "Nagaa," yaani amani, na mama akaitikia nagaa. Nilisubiri wapite wote nirudishe mabati, lakini hawakuisha. Kesho yake walikuja wengine.

Jioni baba alisimama njiani akatazama mbingu palipokuwa na paa. "Nilikata fimbo fupi," akasema.

"Nilijua," mama akamjibu. "Siku ile ile nilijua." Baba hakumuuliza kwa nini alinyamaza, na nadhani hilo lilikuwa jambo la hekima kuliko yote aliyowahi kufanya katika ndoa yao.

Afisa alikuja kama alivyoahidi. Simlaumu, alihuzunika kweli. Upande wa jiko ukakatwa. Lakini ploti ikigawanywa sharti pawe na mpaka, na pa kuweka mpaka palikuwa hapo njiani tu. Wapimaji wakapanda bikoni kila upande wa njia, na kwenye ramani ya ofisini njia ikaonekana kwa mara ya kwanza, nyembamba, imepinda, ikielekea mtoni. Baba alifurahi kama aliyepata mtoto. Watu wa Wabera hadi leo hulisimulia jambo hili kana kwamba tulishinda. Huwa nawaacha wamalize, kisha nawakumbusha kwamba mama alipoteza jiko.

Ploti ile alipewa mfanyabiashara wa maharagwe kutoka Meru, mtu asiye na ubaya. Alileta mafundi, wakaangusha kuta zetu za udongo kabla ya saa nne. Mama aliketi mlangoni pa chumba kilichobaki akitazama. Walipong'oa mafiga akalia. Hakujificha, hakufunika uso, alilia hadharani.

Ndipo lori likaja, likamwaga mchanga wa ujenzi. Nusu ya mchanga ikaangukia njiani.

Mama akajifuta machozi kwa ncha ya leso, akainuka, akaenda kusimama mbele ya lile rundo.

"Toa mchanga," akasema. "Hii ni njia."

"Mama, ni siku mbili tu," yule mfanyabiashara akamjibu kwa upole. "Na si hii ploti ni yangu?"

"Ploti ni yako. Mimi nimesema kitu? Lakini njia nimelipa mimi, nimelipa na jiko yangu. Toa."

Mtu yule aliangalia mafiga yaliyotupwa, akamwangalia mama, akavua koti. Akachukua koleo mikononi mwa fundi, akaanza kusomba mchanga mwenyewe, na mama hakuondoka pale mpaka punda wa kwanza akapita.