Avoka kwenye Pembe Nne

Vita vilipotukimbiza kutoka Djugu tuliingia Bunia na sufuria moja: Mama, wadogo zangu wawili na mimi. Mzee mmoja wa mtaa wa Rwambuzi alitupa kibanda nyuma ya nyumba yake na kipande cha ardhi cha kulima. Hakudai kodi. Alitoa sharti moja tu, tena alilisema mbele ya majirani ili lisikike vizuri.

"Mama, lima yote unapenda. Sombe, maharagi, lengalenga, yote iko yako. Lakini muti, hapana."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kwetu maharage ni ya mgeni: anapanda, anavuna, anakwenda zake. Anayepanda mti amesema hapa ni kwangu, na wajukuu wangu watakula matunda yake hapa hapa. Mzee alikuwa na shamba kule Aveba, akamkaribisha mtu, mtu akaanza na miti michache ya kahawa, akamaliza na mlima mzima. Watu wameuana kwa mambo madogo kuliko hayo.

Basi wakaja wenye huruma. Ilikuwa kampuni ya dhahabu, ambayo kazi yake ni kuchimba mashimo, na sasa ilikuwa imegundua kwamba shimo likiwa dogo unaweza kutia mti ndani yake. Wafanyakazi walijitolea siku yao ya mapumziko, wakavaa fulana mpya za kijani, wakafika na magari mawili: moja la miche ya avoka, yaani maparachichi, jingine la askari wa kuilinda miche. Sisi hatukuwa na askari, lakini sisi hatukuwa avoka.

Walileta pia majembe na mbegu za mboga. Mama alikuwa akilima kwa jembe la kuazima, linalorudi kwa mwenyewe kila anapolihitaji, kwa hiyo macho yalimtoka. Ila anayetaka jembe apokee na miche minne.

"Waambie muti siwezi," Mama alimwambia mkalimani, kijana wa hapo hapo mjini. "Hii udongo iko ya muzee."

Mkalimani akamwaga Kifaransa kirefu, kizuri. Changu cha shule kilitosha kuelewa kwamba Mama ameshukuru sana. Wageni wakapiga makofi.

Nao walikuwa watu wenye akili. Hawakutaka avoka ziyatie maharage kivuli, kwa hiyo walizipanda kwenye pembe nne za bustani. Mpimaji wa serikali asingeweka mipaka vizuri zaidi. Kisha wakapigilia kibao chenye jina la Mama, wakapiga picha, wakaondoka wakiwa wamechafuka kidogo na kufurahi mno.

Vumbi la magari halijatulia, Mama alikwisha ng'oa yote. Mzee aliporudi kutoka sokoni alimkuta amesimama na miche mkononi na kibao kwapani. Mzee akacheka.

"Naona, Mama. Weye haiko mubaya."

Tungeachwa hapo, tungeishi. Lakini msaada una tabia ya kurudi kujiangalia. Wale wa fulana walirudi, wakauliza miti iko wapi. Mama akasema imeliwa na mbuzi. Walisikitika kweli, hata habari za kijiji chetu kuchomwa hazikuwasikitisha hivyo. Juma lililofuata wakaleta miche mingine, nguzo, seng'enge, mlango wa bati na kufuli. Safari hii mzee alikuwepo. Alijaribu kusema kitu, wakampa mkono kama jirani mwema, wakamwomba ashike nguzo kwa ajili ya picha. Alishika. Ufunguo wakampa Mama.

Walipoondoka tu, Mama alimpelekea mzee ule ufunguo kwa mikono miwili.

"Muzee, shika. Ni ya weye."

Hakuupokea. "Na mimi niingie kwangu na ufunguo ya weye?"

Mama akapiga magoti. Akasema atang'oa kila kitu, nguzo na seng'enge, leo hii. Nilivyomwona mzee, hakuwa na hasira, alikuwa anaogopa.

"Mama, nakujua. Lakini bantu yote imeona. Siku nitakufa, watauliza watoto yangu: hii lupango, hii udongo yote, iko ya nani?"

Mama akaomba jambo moja, atuache tukae mpaka maharage yakomae.

"Na ule wa Aveba aliniomba hivyo."

Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Sisi tulikuja, na mwenyeji wetu akaugua, na waliomtia ugonjwa walikuwa wameshaoga na kupumzika. Niliwachukia, na bado nawachukia, pamoja na fulana zao.

Jioni ile Mama aliingia bustanini akachuma maharage yote, machanga, punje hazijajaa ganda. Aliyapika na maganda yake. Wadogo zangu walifurahi, wakaomba waongezewe, naye akawaongezea mpaka sufuria ikaisha.