Kisanduku Chenye Adabu

Dolphine Adero alikuwa na ugonjwa mmoja usiotibika katika hospitali yoyote ya Kampala: hawezi kuona kitu kinakula umeme bure akanyamaza. Bahati nzuri kwake, ugonjwa huo ndio ulimpa kazi. Katika kampuni ndogo ghorofani juu ya maduka ya Kikuubo, yeye ndiye aliyeandika dreva, zile programu zinazokaa ndani kabisa ya kompyuta na kuviamuru vifaa: amka, pima, lala.

Kampuni ilikuwa inatengeneza kisanduku cha kukaa ndani ya friji ya dawa. Kina kipimajoto na king'ora, kinaendeshwa na betri. Joto likizidi, au baridi ikizidi, kinapiga kelele. Hayo tu. Mtu angedhani watu wazima waliosoma hawawezi kuharibu jambo rahisi hivyo. Subiri.

Kifaa cha namna hiyo kinakwenda kwa mapigo, na mafundi huyaita saa. Saa ikizimwa, kifaa kinalala na betri inapumzika. Kipimajoto na king'ora vilikuwa vinatumia saa hiyo moja, na bila mapigo yake hakuna kinachopima wala kulia. Mfumo una msimamizi wake kwa ajili hiyo: anayeihitaji saa anamwambia, anayemaliza anamwambia, na wa mwisho akiondoka ndipo inazimwa. Ni desturi ileile ya vyumba vya kupanga kule Kalerwe alikoishi Dolphine, ambako taa ya bafu la pamoja huzimi kabla hujapaza sauti, "Kuna mtu?" Dolphine aliijua desturi hiyo vizuri, na aliwahi kugombana na jirani kwa ajili yake.

Ila dreva ya king'ora iliandikwa na Ondiek, fundi aliyekwisharudi zake Kisumu, nayo iliikamata saa kutwa kucha kama mgeni aliyeshika rimoti. Betri ikawa inakwisha. Dawa yake ilikuwa kuirekebisha kazi ya Ondiek, iiombe saa pale tu king'ora kinapotaka kulia. Lakini bibie huyu angeanzaje kuchambua uchafu wa Ondiek? Akampita msimamizi, akaishika swichi ya saa kwa mkono wake mwenyewe. Kipimajoto kikimaliza kupima tu, zima! Hakuuliza kama kuna mtu.

King'ora alikijaribu pale tu kisanduku kilipowashwa, kabla hakijalala hata kidogo. Kikalia vizuri. Basi, kimepita mtihani, Mungu atupe nini tena? Bosi wake, Hamim, alipoona betri haishuki alishangilia hadi wachuuzi wa chini wakainua vichwa. "Banange, Dolphine! Wewe ni moto!" Akawanunulia ofisi nzima rolex, zile chapati za kukunjia mayai, za mayai mawili, na Dolphine akatembea wiki hiyo shingo juu.

Kisanduku cha kwanza cha majaribio akakipeleka kwa mwenye nyumba wake, Zubaida, mama wa Kinubi ambaye binti yake, Sumayiya, aliishi kwa sindano za insulini. Dolphine alimpenda mtoto yule kweli. Akakipachika kisanduku kando ya dawa na kumwambia mama, "Mama Sumayiya, wewe lala usingizi. Kukiwa na shida, hiki kitakuamsha."

Baada ya siku chache akapita kusalimia, akitarajia sifa. Akazipata.

"Mwanangu, kisanduku chako kina adabu! Hakijapiga kelele hata mara moja. Hata barafu ilipoanza kujaa ndani niliogopa, nikakitazama, kimya. Nikasema, kama kingekuwa na neno kingesema."

"Barafu?" akauliza Dolphine.

Akafungua friji. Kidhibiti cha baridi kilikuwa kimekufa na chupa za dawa zilikuwa zimeganda zikawa mawe, na insulini ikishaganda imeharibika, hata ukiiyeyusha. Zubaida alikuwa akiipasha viganjani kila asubuhi na kumchoma mwanawe.

"Sumayiya yuko wapi?"

"Amelala. Anakunywa maji tu, anatapika. Nadhani ni malaria."

Dolphine alimbeba mwenyewe hadi kliniki. Mtoto alikuwa anapumua kwa haraka na kwa kina, hajibu akiitwa. Wauguzi wakamtundikia dripu, wakamwambia mama akatafute insulini mpya dukani maana yao imekwisha. Zubaida akasimama mlangoni na pochi mkononi.

"Niambie ukweli. Kile kisanduku hakikuona?"

Dolphine alitaka kumtaja Ondiek. Jina lilimfika mdomoni, akalimeza.

"Kiliona, mama. Kila kilipopima, kiliona. Kilitaka kulia."

"Kikazuiwa na nani?"

"Na mimi. Nilikikata sauti ili nisipoteze betri. Nisamehe."

Zubaida akavuta kiti kwa mguu. Akakisogeza karibu na kitanda cha binti yake.

"Kaa hapa. Usimwondolee macho. Pumzi yake ikibadilika, piga kelele. Umesikia? Piga kelele hadi barabarani wasikie."

Akatoka mbio. Dolphine akakaa, akaushika mkono wa mtoto, akaanza kuhesabu pumzi kwa sauti.