Fundi Aliyezima Nyuzi

Roho ilimruka Truphosa, mpiga gitaa wa kwaya pale Lanet, fundi alipolitoboa gitaa lake kwa drili bila hata kupima. Fundi alikuwa akifunga mkono wa kuyumbisha mlio, pamoja na springi yake ya kurudisha nyuzi mahali pazo. Halafu akazijaribu. Kila uzi aliudonoa mara moja tu, akauzima upesi kwa kiganja, kama mama anayemziba mtoto mdomo ibadani.

“Fundi, si uwache ilie! Nipigie hata korasi moja.”

“Kanisani kwetu gitaa ni dhambi, madam. Mimi natengeneza tu. Sijawahi piga.”

Truphosa akanyoosha mkono achukue gitaa lake. Alipolipokea gitaa, vidole vyao vya mkono wa kushoto viligusana. Ncha za vidole vya fundi zilijaa sugu za kubonyeza nyuzi, ngumu kuliko zake.