Msusi Aliyekwama Sura ya Tisa

Ukitaka kumuudhi msusi yule, muulize kitabu kimefika wapi. Atakuvuta nywele mpaka macho yapande juu, halafu atakwambia, "Pole, hapa pana fundo." Hakuna fundo lolote. Kuna daftari la nne, sura ya tisa, na sentensi moja iliyokatikia njiani. Mwezi wa saba huu daftari limelala chini ya mto wa kiti, wateja wanalikalia.

Visingizio anavyo, tena vya kila rangi. Mara wateja wamezidi, mara mgongo, mara macho, mara kalamu za siku hizi hazina wino wa maana. Jamani, kalamu! Mtu aliyejaza madaftari matatu na nusu kwa miezi minne, akiamka alfajiri kabla ya kufungua saluni, leo anaisingizia kalamu. Hamu imemtoka, na aliyeitoa ni yeye mwenyewe. Mimi nitayasema yalivyokuwa, kwa sababu yeye hatasema. Kutosema ndio ugonjwa wake tangu utotoni.

Alilelewa na dada yake. Baba yao alikufa, mwaka haujaisha mama naye akamfuata, na dada, msichana wa miaka kumi na sita, akaacha shule akaenda kufua mashuka hospitalini. Mdogo alikuwa na miaka minane. Watu wakimwonea huruma, dada aliwajibu, "Ng'ombe haelemewi na nunduye," akarudi kwenye karai lake. Sabuni ilimla vidole mpaka kucha zikalegea. Alikuwa mkali, sikatai, na hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Lakini mdogo hakulala na njaa hata siku moja, na shati lake la shule lilikuwa jeupe kuliko la wenye baba na mama.

Dada alipofikisha miaka ishirini na tano akapata mchumba, fundi saa, mtu mpole wa maneno machache. Posa ikaletwa, ikapokelewa. Mdogo, wakati huo ana kumi na saba, akaingiwa na hofu: dada akiolewa, mimi nabaki na nani? Hakumuuliza mtu. Angeuliza angejibiwa, maana yule fundi saa alikuwa ameshatafuta nyumba yenye chumba cha shemeji yake. Badala ya kuuliza, akavaa vizuri, akaenda kwa shangazi wa bwana harusi, akaketi, akakunja mikono kwa adabu, akasema dada yake ana kifafa na nyumbani wanakificha. Maneno ya mtoto mwenye adabu huaminiwa haraka. Wiki ile ile posa ikavunjwa, na fundi saa hakuonekana tena mtaani kwao. Dada alilia siku mbili. Siku ya tatu akarudi kwenye mashuka yake. Leo ana miaka hamsini na moja na hajaolewa.

Basi kitabu kilikuwa cha hilo. Miaka ishirini na sita msusi alikuwa akitafuta mdomo wa kumwambia dada yake, "Ni mimi." Kila akienda kumtembelea alijiapiza kwamba leo ni leo, na kila akifika maneno yalimgeukia, "Dada, umekula?" Mwisho akaona bora aandike riwaya. Mayatima wawili, mkubwa mfuaji, mdogo mwanafunzi. Sura ya tisa, mdogo anakwenda kwa shangazi na kusema uongo wake. Sura ya mwisho, anapiga magoti. Akimaliza ampelekee dada, ambaye hupenda sana kusoma hadithi, asome peke yake chumbani kwake, aelewe. Hakutaka mashabiki wala picha yake gazetini. Alitaka msomaji mmoja.

Na sura za mwanzo, wallahi, zilikuwa nzuri. Za kweli. Ungesikia harufu ya sabuni.

Sasa ndipo msusi alipofanya kosa ambalo msusi tu ndiye angelifanya. Mtu wa kazi nyingine huandika kimya kimya. Msusi ana kichwa cha mtu mikononi kwa masaa matatu, manne, na kile kichwa kina masikio. Siku moja mwalimu wa chekechea, akisubiri zamu yake, akaliona daftari. "Unaandika nini humu?" Badala ya kusema ni orodha ya mafuta na vitana, msusi akamsimulia sura ya kwanza. Mwalimu akatokwa na machozi, na alipotoka akamwambia jirani yake. Jumamosi iliyofuata wanawake walijaa mpaka wengine wakakalia ndoo zilizopinduliwa, na wawili kati yao walikuwa na nywele mpya kabisa, hazina haja ya kuguswa. Wakambandika jina: Mwandishi.

"Enhe, Mwandishi, tuliishia wapi?"

Loo, utamu wa kuulizwa hivyo! Mwanamke aliyesimama miaka ishirini nyuma ya visogo vya watu, akisikiliza ya wenzake, leo wote kimya wanamsikiliza yeye.

Lakini wasikilizaji nao wana midomo. "Mimi huyo dada mkubwa simpendi," akasema muuza nguo, kichwa nusu kimesukwa nusu timutimu. "Anamkataza mtoto kwenda kwenye muziki kwa nini? Wivu tu!"

"Wanawake wa hivyo nawajua," nesi akadakia. "Wanakulea huku wanakuchukia."

"Mtie adabu huyo, Mwandishi!"

Hapo msusi angesema: hapana, shoga zangu, subirini, dada huyu ni mwema, mwovu yuko njiani na si yeye. Alikuwa na maneno hayo kabisa. Ila aliwatazama walivyomwinamia, akasema, "Mnashangaa hayo? Hamjasikia alivyouza cherehani ya marehemu mama yao, akajinunulia viatu."

"Uuuwi!" saluni nzima ikalipuka.

Cherehani iliuzwa kweli. Iliuzwa ili mdogo afanye mtihani. Dada alikwenda kazini na ndala zilizofungwa kwa waya mwaka mzima.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Alfajiri yake msusi akaiandika ile ya viatu. Wiki iliyofuata dada mkubwa akampiga mdogo wake kwa mwiko. Wiki nyingine akamfungia nje kwenye mvua. Halafu muuza nguo akapendekeza mchumba amchoke mkubwa, aanze kumtupia jicho mdogo, na nesi akapiga makofi, na msusi akacheka nao, akaandika. Walikuwa wakivuta hadithi kwao na yeye akiwaachia kamba. Kila Jumamosi aliondoka amejaa sifa, na kila alfajiri aliketi na daftari akiwa na hamu ndogo kuliko jana.

Alipofika sura ya tisa, akaandika: "Siku hiyo mdogo alikwenda kwa shangazi wa bwana harusi, na". Akasimama. Maana sasa uongo ule haukuwa dhambi tena. Kwa dada mwovu namna ile, msomaji angemshangilia mdogo! Akiandika ukweli, haushikamani na sura nane za nyuma. Akiandika uongo, anampelekea dada kitu gani? Matusi yaliyoshonwa vizuri? Akafungua daftari la kwanza ili aanze upya, akasoma kurasa mbili, aibu ikamwaka usoni, akalifunga. "Nitaanza Jumatatu," akajisemea, kwa kuwa Jumatatu saluni hufungwa. Jumatatu ikafika akafua mapazia. Ya pili akalala. Ya tatu hata kujiahidi hakujiahidi.

Mwezi wa tatu wa uvivu ule, Alhamisi asubuhi, saluni tupu, mtu akabisha hodi. Msusi akainua macho. Mlangoni alisimama dada yake, ambaye hajawahi kukanyaga saluni ile. Nywele zake huzifunga kitambaa, basi.

"Dada! Kuna nini? Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nisuke."

Akaketi kwenye kiti, akavua kitambaa. Mvi zilikuwa zimemjaa, na utosini palianza kuonekana ngozi. "Mistari midogo," akasema.

"Midogo itachukua muda, dada."

"Nimeomba ruhusa ya kutwa."

Msusi akachana, akagawa, akaanza. Mstari wa kwanza ukaisha. Wa pili ukaisha. Wa tatu, dada akasema, "Wenzangu kazini wananiambia una hadithi."

Vidole vikasimama. "Aa, ya kupitisha muda tu. Mambo ya wateja."

"Wanasema kuna dada mkubwa, mfuaji. Aliuza cherehani ya mama akanunua viatu."

"Ya kutunga hiyo, dada. Hadithi si unazijua, uongo mtupu."

"Najua ni uongo." Sauti yake haikupanda. "Nakuuliza inaendeleaje. Mchumba anakuja?"

"Anakuja."

"Halafu?"

Sema, mwanamke! Mlango huo hapo umefunguliwa mpaka ukutani, sema! Miaka ishirini na sita unatafuta pa kuanzia, unapewa, tena kwa swali la neno moja! Msusi akafumbua mdomo.

"Halafu sijaandika. Nimekwama."

"Umekwama wapi?"

"Dada, inamisha kichwa kidogo."

Dada akainamisha. Na msusi, asije akaulizwa tena, akaanza kusema. Alisema habari za paa linalovuja juu ya beseni. Alisema habari za mwenye nyumba, za mafuta mapya ya nywele yanayowasha, za mteja aliyesinzia akaanguka na kiti. Dada aliitika "mm" kila palipotakiwa. Mistari ikaongezeka, wa kumi, wa kumi na tano, wa ishirini, na kila mmoja ulipofungwa msusi alijiambia, huu ukiisha nasema. Mpaka ukabaki mmoja, nyuma ya sikio la kushoto. Akausuka polepole kuliko yote. Akaufunga.

"Tayari, dada. Umependeza." Akampa kioo cha mkononi.

Dada hakukitazama. Alikilaza mapajani, uso chini.

"Shangazi yake yule fundi saa alinifuata kazini wiki ile ile," akasema. "Akaniuliza kifafa kilinianza lini. Nikamuuliza nani kakwambia. Akanitajia."

Kitana kilimtoka msusi mkononi.

"Sasa ningefanyaje? Nikikataa, wewe ndiye mwongo. Miaka kumi na saba, huna baba, huna mama, na mtaa mzima unakuita mwongo mvunja ndoa. Nani angekuoa, nani angekupa kazi? Nikamwambia kilinianza utotoni."

"Dada..."

"Ngoja. Niliposikia unaandika kitabu nilifurahi, we mtoto. Nikasema, ahaa, hatimaye. Kwa mdomo ameshindwa, acha aniandikie. Nikangoja. Nikaletewa viatu. Hata hivyo nikasema labda ananiogopa, na leo nimekuja nikakupa masaa matatu na kisogo changu, usilazimike hata kuniangalia usoni. Umenisimulia paa."

Msusi akaanguka magotini, akamshika miguu. Kulia alilia kweli, si kulia kwa kutunga. "Nisamehe, dada. Nisamehe, ni mimi, nilikuwa naogopa utaniacha!"

Dada akamtazama. Ungedhani ataiweka ile mikono iliyoliwa na sabuni juu ya kichwa chake. Hakuiweka.

"Sasa hivi unaomba kwa sababu umekamatwa," akasema. "Inuka. Sakafu ina nywele."

Akajifunga kitambaa juu ya mistari yote ile, akaaga kama mtu anavyoaga, akatoka.

Hawakukata undugu. Wakikutana husalimiana, mmoja akiugua mwingine hupeleka uji. Ila msusi, baada ya wiki kadhaa za kutolala vizuri, alipata wazo. Sasa alikuwa na kitabu kikubwa kuliko kile cha kwanza: dada aliyeujua uongo akaukubali uwe wake. Hamu ikamrudia ghafla, vidole vikamwasha. Akanunua daftari jipya, na kabla hajaandika neno akatuma ujumbe kwa simu: "Dada, naanza upya. Safari hii ukweli mtupu. Nikimaliza nakuletea usome wewe kwanza."

Jibu lilikuja jioni, dada alipotoka kazini.

"Usijisumbue, mdogo wangu. Mimi hiyo nimeshaimaliza."